Setilaiti Huuona Moshi, Haimwoni Anayeuvuta

Asubuhi ya Septemba 9, 2020, wakazi wa San Francisco waliamka wakadhani saa zao zimekosea. Jua lilikuwa limeshachomoza, lakini nje kulikuwa na mwanga hafifu wa rangi ya chungwa, na magari yalikwenda na taa mchana. Moshi wa mioto mikubwa iliyokuwa ikiteketeza misitu ya magharibi mwa Marekani ulikuwa umeliziba jua. Miaka mitatu kasoro baadaye, Juni 7, 2023, rangi hiyohiyo ikatanda juu ya New York, safari hii moshi ukitoka katika misitu ya Quebec, Kanada. Zitazame picha za setilaiti za siku hizo mbili, utadhani ni pacha: utando mzito wa kahawia na kijivu umefunika pwani, miji imepotea chini yake.

Barabarani, siku hizo mbili hazikufanana. San Francisco, sehemu kubwa ya moshi ilielea juu ya tabaka la hewa baridi itokayo baharini, na tabaka hilo likawa kama dari. Vipimo vya hewa ya chini asubuhi ile vilikuwa afadhali kuliko mtu yeyote alivyotarajia kwa kulitazama anga. Hewa ilichafuka vibaya siku zilizofuata, moshi uliposhuka, wakati ile rangi ya kutisha ilikuwa imeshafifia na picha zake zimeshachosha watu mitandaoni. New York hakukuwa na dari. Moshi ulifika mpaka puani, na faharasa ya ubora wa hewa ikapita 400, katika mizani ambayo kuvuka 300 tu ni hatari kwa kila mtu, mgonjwa na mzima.

Picha zilifanana, mapafu hayakupata kitu kimoja. Ndiyo maana nasema hivi: picha ya setilaiti ni ushahidi mzito wa kwamba moshi upo, na ni ushahidi dhaifu wa nani anauvuta. Tumezoea kuyachanganya mambo hayo mawili, na wanaoumia zaidi kwa mchanganyo huo ni walio chini ya moshi mzito kuliko wote.

Tuanze na kinachofanyika kule juu. Kihisi cha setilaiti hupokea mwanga wa jua uliorudishwa na ardhi, maji, mawingu na chembe zinazoelea hewani. Kila kilichomo katika nguzo nzima ya hewa, kuanzia juu ya majani ya miti hadi kilomita 30 na zaidi, kinabanwa kuwa nukta moja bapa. Ni kama kuitazama bilauri ya maji machafu kutoka juu. Unajua yamechafuka, lakini hujui kama taka zimeelea au zimetuama. Kipimo kinachotokana na hesabu hiyo, ambacho wataalamu hukiita AOD, hueleza ni kiasi gani cha mwanga kinazuiwa njiani. Hewa safi huwa karibu na 0.1 au chini yake. Kikipita 1, anga limeshakuwa zito, na moshi wa moto mkubwa unaweza kukipandisha mbali zaidi ya hapo. Ni namba ninayoiheshimu sana, ila ni namba ya bilauri nzima.

Hata kuutambua moshi wenyewe kunataka macho yaliyozoea. Wingu la maji huwa jeupe, lina ncha kali na kivuli kinachoonekana ardhini. Moshi una kingo laini, na ardhi huonekana kwa chini yake kama kitu kilichofunikwa kwa shela. Juu ya msitu au bahari, ambako chini ni giza, moshi huwa na ubuluu, kwa kuwa chembe zake nyingi hazifiki mikromita moja, yaani sehemu ya milioni ya mita, na chembe za udogo huo hutawanya zaidi mwanga wa buluu. Juu ya wingu jeupe, moshi huohuo hugeuka kahawia. Halafu kuna jambo ambalo bado linanifurahisha kila ninapolifanya: badilisha picha kutoka mwanga wa kawaida kwenda infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa mikromita 2.2. Moshi unapotea. Mawimbi yale ni marefu kuliko chembe, yanazipita kama maji yanavyopita kwenye wavu. Mawingu yanabaki palepale, na pale ambapo palikuwa na utando tu sasa unaona kovu jeusi la ardhi iliyoungua na mstari mwekundu wa moto unaoendelea kula.

Mstari huo ndio wa kutafuta kwanza. Moto unaowaka hutoa nishati nyingi sana katika mikromita 4 hivi, kiasi kwamba hata moto mdogo kuliko pikseli, nukta moja ya picha, huiwasha pikseli yote. Kihisi cha MODIS, kilichoko kwenye setilaiti za Terra na Aqua zilizorushwa 1999 na 2002, huzisaka alama hizo kwa pikseli za kilomita moja. Kingine, VIIRS, kilichoanza kazi baada ya setilaiti ya Suomi NPP kuruka 2011, kimeshuka hadi mita 375. Moshi mpya una mkia mwembamba pale ulipozaliwa, kisha hupanuka kuelekea upepo unakokwenda. Ukiufuata kinyumenyume ukakuta alama ya moto, una kesi. Usipoikuta, jiulize kama unachokiona ni vumbi, au ni moshi mkongwe uliosafiri siku nyingi. Hapo husaidia gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo TROPOMI, kihisi kilichopo kwenye Sentinel-5P tangu 2017, huipima kila siku. Moto hutoa gesi hiyo, vumbi la jangwani halitoi.

Ningependa kila mhariri wa habari alijue na hili la saa. Setilaiti zinazokaa mahali pamoja juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, kama GOES ya Marekani na Himawari ya Japani, hupiga picha ya upande mzima wa dunia kila dakika 10. Ukizipanga picha hizo zikawa video, utaona moshi mzito asubuhi, ukififia adhuhuri, kisha ukirudi mzito jioni. Nimeona watu wakitangaza kwa uhakika kabisa kwamba "moshi umeondoka" kwa kutazama picha ya saa sita mchana. Haukuondoka. Simama kwenye chumba chenye mwale wa jua unaoingia dirishani. Ukilielekea dirisha unaliona vumbi linacheza hewani. Ukilipa mgongo, vumbi halionekani, ingawa ni lilelile. Chembe ndogo husukuma mwanga mwingi kuelekea mbele kuliko nyuma, kwa hiyo jua likiwa karibu na upeo wa macho, upande wa pili wa moshi ukilinganisha na setilaiti, utando unang'aa. Jua likiwa utosini, setilaiti imelipa dirisha mgongo. Picha isiyo na saa, kwa hiyo, inaweza kumdanganya mtu bila yeyote kukusudia uongo.

Usiku mambo huwa magumu zaidi. Mwanga wa kawaida haupo, na infraredi ya joto, ile ya mikromita 10 hivi inayotumika kuona mawingu usiku, huupita moshi bila kuujali. VIIRS kina kihisi kinachoweza kuona moshi kwa mwanga wa mbalamwezi, lakini mbalamwezi haipo kila usiku. Wachambuzi wa NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, wanaochora kwa mkono mipaka ya moshi kwenye ramani na kuipanga kuwa mwepesi, wa wastani au mzito, hutegemea sana picha za mchana. Sasa fikiria kinachotokea bondeni saa hizo. Ardhi inapoa, hewa baridi inateremka kutoka milimani ikiburuta moshi, na hewa yenye joto iliyo juu yake inauzuia usipande. Moto nao hupungua makali, hauna tena nguvu ya kuusukuma moshi juu. Watu wamelala, pengine madirisha yako wazi kwa sababu ya joto. Kwa mabonde mengi hizo ndizo saa mbaya kuliko zote, na ndizo saa ambazo jicho la juu linapepesa. Setilaiti nyingi za mzingo wa ncha, zile zinazoizunguka dunia kupitia karibu na ncha zake, hupita karibu na saa saba na nusu mchana, moshi ukiwa umechanganyika na kupanda, kisha tunaichukua hali ya saa hiyo na kuiita hali ya siku.

Kasoro inayonikera kuliko zote, hata hivyo, ni ya moshi mzito mno. Kabla ya kukokotoa AOD, programu huondoa kwanza mawingu, kwa sababu wingu likiachwa litaharibu hesabu. Sasa, programu hulijuaje wingu? Kwa mng'ao wake, na kwa namna linavyobadilika kutoka pikseli moja hadi nyingine. Moshi ukiwa mzito kupita kiasi hupata sifa hizohizo, na programu inautupa ikidhani ni wingu. Hili lilionekana vibaya sana Indonesia mwaka 2015. Ukame wa El Niño uliikuta ardhi ya mboji ya Sumatra na Kalimantan, yenye tabaka nene la mabaki ya mimea yanayoweza kuungua, ikiwa imeshatolewa maji kwa mifereji, moto ukaingia ardhini, na takriban hekta milioni 2.6 zikaungua. Ilibidi watafiti wazirekebishe kanuni za MODIS baada ya tukio ili kuyarudisha maeneo ya moshi mzito yaliyokuwa yametupwa pamoja na mawingu. Katika siku zenyewe, pale ambapo watu walikuwa wakikohoa zaidi, ramani ilikuwa na matundu. Na tundu kwenye ramani halipigi kelele. Msomaji mwenye haraka huliona jeupe, akaendelea.

Ardhi ya mboji ina hila nyingine. Moto wake hufukuta chini kwa chini, joto dogo, moshi mwingi, na unaweza kuendelea kwa wiki. Alama ya moto kwenye picha hutegemea joto, kwa hiyo moto unaoumiza watu zaidi ndio unaoweza kukosa alama. Ongeza mawingu, na utando wa moshi wenyewe unapokuwa mzito, kisha ufikirie wanasiasa wanaohesabu alama za moto kila asubuhi kama magoli na kutangaza kwamba leo zimepungua. Zimepungua kwa sababu gani? Swali hilo haliulizwi mara za kutosha.

Sisemi setilaiti hazifai kuwa shahidi. Singapore, iliyosongwa na moshi huo kwa miongo kadhaa, ilitunga mwaka 2014 sheria inayowafikia hata wanaochoma ardhi nje ya mipaka yake. Sheria hiyo inaruhusu taarifa za setilaiti, zikiunganishwa na mwelekeo wa upepo, zitumike kujenga dhana kwamba moto wa shamba fulani ndio ulioleta moshi, na mwenye shamba ndiye atakayetakiwa kuipangua. Naona ni busara, kwa sababu setilaiti inaulizwa kile inachokijua: moto ulikuwa wapi, lini, na moshi ulielekea wapi. Ubaya wa hewa ndani ya Singapore hupimwa na vituo vilivyoko ardhini. Kila shahidi anaulizwa alichokiona. Mataifa ya ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, yalikuwa na mkataba wao wa moshi unaovuka mipaka tangu 2002, na Indonesia, chanzo kikubwa cha moshi huo, iliuridhia mwaka uleule wa 2014.

Turudi kwenye urefu, maana ndiko kila kitu kinakoishia. Ipo njia ya kuupata. Terra ina chombo kiitwacho MISR chenye kamera tisa zinazotazama ardhi kwa pembe tofauti, na kama macho mawili yanavyotupa hisia ya umbali, kamera hizo huonyesha moshi umepanda kiasi gani. Lakini hutazama ukanda mwembamba wa kilomita 400 hivi, na hazirudi mahali pamoja kila siku. Njia bora zaidi ni leza. CALIPSO, iliyoruka Aprili 2006, ilikuwa ikituma mapigo ya leza na kupima yanavyorudi, ikachora mkato wima wa hewa: hapa wingu, hapa moshi, hapa ardhi. Kwa miaka 17 ilitufundisha kwamba moshi hukaa kwa matabaka kama keki. Huduma yake ilifungwa Agosti 1, 2023, katikati ya msimu mbaya kuliko yote katika kumbukumbu za moto za Kanada. EarthCARE, iliyobeba leza ya aina hiyo kwa ushirikiano wa Ulaya na Japani, iliruka Mei 2024. Kati ya hizo mbili kuna pengo la miezi, na pengo hilo liliangukia majira ambayo mataifa mengi yalikuwa yakiuliza swali moja tu: huu moshi uko juu au uko chini?

Na swali hilo si la kitaaluma tu. Mwishoni mwa Juni 2023, moshi wa Kanada ulivuka Atlantiki ukafika Ureno na Hispania. Ramani za AOD zilipaka rangi za hatari, magazeti yakaandika. Sehemu kubwa ya moshi ule ilikuwa juu, machweo yakawa mekundu, na hewa ya chini haikuharibika kwa kiasi ambacho ramani zilimfanya mtu aogope. Mfano wa kupindukia zaidi ni Australia, mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020. Joto la mioto lilizaa mawingu ya radi ambayo yaliurusha moshi hadi stratosfia, tabaka la anga lililo juu ya lile la mawingu na mvua. Donge moja la moshi huo, masizi yake yakilinyonya jua na kuipasha joto hewa iliyolizunguka, liliendelea kupanda lenyewe kwa wiki kadhaa hadi karibu kilomita 35. Hakuna kiumbe anayepumua huko. Kwa wanaofuatilia hali ya hewa ya dunia lilikuwa tukio kubwa sana. Kwa afya ya aliye chini yake, halikuwa chochote, na bado katika namba ya nguzo nzima linahesabika kama moshi mwingine wowote.

Mtu anaweza kuniuliza, basi kwa nini tusiweke vipimo ardhini tukaachana na makisio? Kwa sababu sehemu kubwa ya moshi wa dunia hutoka mahali ambapo vipimo hivyo ni vya kuhesabu kwa vidole. Zaidi ya nusu ya eneo linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, hasa kwenye nyika, na moto huhama pamoja na kiangazi: kaskazini mwa ikweta kuanzia Novemba hadi Februari, kusini mwake kuanzia Juni. Mingi ni mioto midogo ya muda mfupi. Watafiti walipotumia picha za Sentinel-2, zenye pikseli za mita 20, kupima eneo lililoungua kusini mwa Sahara mwaka 2016, walipata asilimia 80 zaidi ya hesabu ya MODIS. Yaani karibu nusu ya eneo lililoungua lilikuwa likipita katikati ya matundu ya wavu, pamoja na moshi wake. Katika maeneo hayo setilaiti ndiyo shahidi wa pekee, na kile isichokiona kinabaki kama hakikutokea.

Ndiyo maana naona ni kosa la kimaadili, si la kiufundi tu, kuugeuza moja kwa moja utando wa juu kuwa namba ya hewa ya chini. Makisio hayo yapo na yana kazi yake. Modeli huchukua AOD, zikadhani urefu wa moshi, zikaongeza unyevu na upepo, zikatoa kiwango cha PM2.5, zile chembe ndogo kuliko mikromita 2.5 zinazoingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa saa 24 usipite maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Copernicus, mpango wa Ulaya, hutoa utabiri wa siku tano kwa dunia nzima, na nautumia. Lakini modeli ikikosea urefu kwa kilomita moja au mbili, mama mwenye mtoto wa pumu anaambiwa atoke wakati alipaswa kufunga dirisha. Namba inayotolewa kwa watu iandamane na kiwango cha shaka yake, kwa lugha ya kawaida, na mahali pasipo na kituo hata kimoja cha kuisahihisha patajwe wazi kuwa hapana kituo.

Kwa wanaochapisha picha, ombi langu si kubwa. Andikeni saa ya picha. Andikeni ni mwanga gani uliotumika. Wekeni kando yake kipimo kimoja cha ardhini, hata cha kifaa cha bei nafuu, mkikumbuka kwamba vifaa hivyo vikikutana na unyevu mwingi huzidisha namba. Kwa mashirika yanayotengeneza ramani, nina ombi moja tu, na ni la yale matundu. Pale kanuni zinaposhindwa, pasiachwe peupe. Pawe na rangi yake pekee, isiyofanana na ya hewa safi wala ya wingu, na katika maelezo ya ramani paandikwe kwa maneno yanayosomeka kwenye simu: hapa hatukuweza kupima, na huenda ni kwa sababu moshi ni mzito mno.